Kutoka na Watoto Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wazazi, walezi, mashangazi na wajomba wanaotaka kuwatembeza watoto jijini, iwe mnaishi Mbagala au mmeshuka likizo kutoka Mbeya. Matembezi ya watoto hapa Dar hayaharibiki kwa kukosa mahali pa kwenda. Yanaharibika kwa saa: jua la saa saba, foleni ya saa kumi na moja, au maji ya bahari yaliyokupwa pale mlipotaka kuogelea. Ndiyo maana muda umetajwa sana hapa kuliko bei.

Tuna siku mbili tu. Tuanze wapi?

Siku ya kwanza iwe ya mjini, yaani Posta na Kivukoni, kwa sababu Makumbusho ya Taifa, Bustani ya Botania na pantoni vyote viko karibu karibu. Siku ya pili iwe ya bahari. Msichanganye ufukwe wa Kunduchi na Posta katika siku moja. Kwenye ramani si mbali, lakini Barabara ya Bagamoyo ikifunga mtakaa garini muda mrefu kuliko mliokaa mchezoni, na mtoto wa miaka minne hatakumbuka kitu zaidi ya joto la kiti cha nyuma.

Sehemu moja kubwa kwa siku inatosha. Ya pili iwe ndogo na iwe njiani.

Ni kitu gani cha bei nafuu ambacho watoto wanakipenda kweli?

Pantoni ya Magogoni–Kigamboni. Nauli ya mtu mzima ni Sh 200, na safari yenyewe ni ya dakika chache. Wazazi wengi wa mjini wanaiona kero kwa sababu wanaipanda kwenda kazini, wakasahau kwamba kwa mtoto aliyetoka bara ile ni meli. Mlango mkubwa wa chuma unashuka taratibu hadi unagusa saruji. Mikokoteni inatangulia na makapu ya nyanya, pikipiki zinafuata, kisha magari yanapangwa kwa ishara za mkono yakiwa yamebanana kioo kwa kioo. Meli ya makontena ikiwa inaingia bandarini, pantoni inaisubiri ipite, na mtoto anaiona ikipita mbele yake kama ghorofa linalotembea.

Nendeni kati ya saa nne na saa nane mchana, siku ambayo si ya sikukuu. Asubuhi na jioni umati ni mkubwa, na geti la abiria likifunguliwa watu wanasukumana. Fanyeni hivi:

Mkiwa kwenye banda la kusubiria, kaeni pembeni, msikae mbele ya geti. Likifunguliwa, wacheni kundi la kwanza litoke. Mshike mtoto kifundo cha mkono, si vidole, maana vidole vinachomoka. Mkishaingia, pandeni juu kwenye nafasi ya abiria, ambako kuna upepo na mnaona vizuri. Mkikaribia ng'ambo, msishuke ngazi mpaka chombo kimegusa na kutulia, kwa sababu hutikisika kinapogusa.

Jambo moja la kuzingatia: Ikulu iko jirani na kivuko, na upande wa pili kuna kambi ya jeshi la majini. Piga picha ya mtoto wako akiwa ndani ya pantoni, lakini usielekeze simu huko.

Mkitoka mbali, mwendokasi unawafikisha Kivukoni, na kutoka kituoni hadi pantoni mnatembea. Kwa watoto wengi basi lile nalo ni sehemu ya matembezi. Mkivuka, chukueni bajaji hadi fukwe za Mji Mwema, au rudini na pantoni inayofuata. Kurudi papo hapo si kupoteza safari. Wengi wanaomba warudie.

Makumbusho ya Taifa na Kijiji cha Makumbusho si kitu kimoja?

Hapana, na kila wiki kuna familia inayokwenda pasipo. Makumbusho ya Taifa iko Mtaa wa Shaaban Robert, katikati ya mji, na ilifunguliwa 1940. Kijiji cha Makumbusho kiko kando ya Barabara ya Bagamoyo, jirani na kituo cha daladala kilichopewa jina lake, na kilianzishwa 1967. Ukimwambia dereva "Makumbusho" bila kufafanua, atakupeleka kijijini.

Kwa watoto wa chini ya miaka saba, chagueni Kijiji. Kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, na mtoto anaingia ndani. Anainama mlangoni, anaona giza, ananusa udongo na nyasi kavu, anaona pa kulala na pa kupikia. Mpe kila mtoto kazi: ahesabu nyumba zenye mlango mfupi kuliko yeye, au atafute nyumba ya kabila la bibi yake. Msianzie nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Baada ya nyumba tano au sita mdogo ameshachoka. Alasiri huwa kuna ngoma, kwa hiyo ulizeni getini kama siku hiyo wachezaji wapo na wanaanza saa ngapi. Wafundisheni watoto kumwamkia shikamoo mzee anayewaongoza kabla ya maswali kuanza. Ni adabu, na mzee aliyeamkiwa vizuri huwa hana haraka na watoto.

Makumbusho ya Taifa inawafaa zaidi wa kuanzia darasa la tatu. Humo kuna habari za fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai mwaka 1959, la kiumbe aliyeishi takriban miaka milioni 1.75 iliyopita. Usimsomee mtoto bango zima. Mwambie aangalie magego tu, halafu apapase ya kwake kwa ulimi. Yale ni mapana kiasi kwamba swali linakuja lenyewe: alikuwa anakula nini? Baada ya hapo nendeni kwenye magari ya zamani ya viongozi, ambayo yanawashika hata wasiopenda historia. Kuna pia kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998. Mwambie mtoto mapema ni kitu gani, kwa maneno machache ya kweli, asije akakutana nacho ghafla.

Kwa zote mbili, bebeni kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni. Sehemu za serikali hulipiwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa hiyo pesa iwe kwenye simu, na simu iwe na chaji.

Mtoto wetu anataka dinosaria. Yuko Dar?

Yule mkubwa aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, wakati wa Wajerumani, yuko Berlin. Mifupa yake imesimamishwa pale ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 13. Mwambie mtoto ukweli huo kabla hamjafika, maana wengine hulia mlangoni. Swali la kwa nini mifupa ya Lindi iko Ujerumani wanaliuliza wenyewe, na wanastahili kujibiwa.

Bustani ya Botania ina nini cha mtoto?

Kivuli. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na miti yake ni mikubwa. Iko hatua chache kutoka Makumbusho ya Taifa, kwa hiyo ndiyo mahali pa kula mlichobeba na kumlaza mdogo. Tausi huonekana maeneo hayo, msiwafukuze.

Tulifika Coco Beach saa nne asubuhi tukakuta maji yako mbali, mawe tupu. Tulikosea nini?

Mlifika siku za bamvua. Jambo hili ndilo linaloharibu siku nyingi za ufukweni, na linatabirika kabisa.

Bahari ya Dar hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, maji huenda mbali sana na kurudi juu sana. Tofauti ya kina inazidi mita 3. Hiyo ndiyo bamvua. Katika siku hizo maji hukupwa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi, na kujaa karibu saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata muda unasogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya kama wiki moja, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: maji yanajaa asubuhi na kukupwa alasiri, na tofauti inakuwa ndogo. Hayo ni maji mafu.

Kwa hiyo tazameni mwezi usiku wa kuamkia safari, au kalenda ya Kiislamu ukutani. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua. Ukiwa na wadogo wanaotaka kuoga tu, chagua siku za maji mafu, nenda asubuhi. Ukiwa na watoto wa miaka sita na kuendelea wanaopenda kutafuta kaa na konokono kwenye madimbwi ya mawe, asubuhi ya bamvua ni zawadi. Wavae viatu vya plastiki, kwa sababu kwenye mawe kuna viumbe vya miiba mieusi, na miiba ile hukatikia ndani ya nyama. Na muanze kurudi ufukweni mara tu maji yanapogeuka. Yanarudi kwa kuzunguka nyuma ya fungu mlilosimama, si kwa mbele tu.

Idd el Fitri huangukia mwezi mwandamo kila mwaka. Maana yake ni kwamba alasiri ya Idd, ufukwe ukiwa umefurika watoto wenye nguo mpya, maji nayo yanajaa kwa nguvu na mchanga unazidi kupungua. Siku hiyo mtoto asiachwe na kaka yake wa miaka kumi. Akae na mtu mzima ambaye kazi yake ni kumwangalia yeye tu.

Ni salama kumwacha aogelee baharini?

Kwa masharti. Asizidi maji ya magoti yake kama hajui kuogelea, na mtu mzima awe ndani ya maji, umbali wa kunyoosha mkono. Kumwangalia ukiwa umekaa kwenye kiti hakutoshi: mtoto anayezama hapigi kelele, ananyamaza. Maboya ya kuvaa mikononi na matairi ya kupuliza ni vya kuchezea tu. Upepo wa kutoka bara hulisukuma tairi kwenda kilindini haraka kuliko mtu mzima anavyoweza kuogelea. Yavuyavu akimuwasha mtoto, msuuze kwa maji ya bahari, usimsugue na mchanga wala kumwagia maji ya chupa. Akivimba uso au kupumua kwa shida, hospitali moja kwa moja.

Mbudya au Bongoyo?

Vyote ni visiwa vya hifadhi ya bahari, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, na vyote vina kiingilio cha hifadhi mbali na nauli ya boti. Bongoyo boti zake hutoka Slipway, Msasani. Mbudya hutoka Kunduchi, na safari yake ni fupi. Kwa watoto wadogo tunashauri Mbudya kwa ajili ya ufupi huo.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa: boti ina majaketi ya kuokolea ya saizi ya mtoto? Usikubali jibu la "yapo". Liombe, mvalishe, mfunge kamba, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likimtoka kichwani, halimfai. Jingine: boti ya kurudi ni saa ngapi? Muiweke saa nane au saa tisa, hasa kipindi cha kusi, Mei hadi Septemba, kwa sababu alasiri upepo huongezeka na mawimbi yanaingia botini. Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ni tulivu zaidi ila jua ni kali.

Mkishuka kisiwani, agizeni samaki na chipsi papo hapo, kabla ya kuoga. Kila kitu kinapikwa baada ya kuagizwa, na mtoto aliyetoka majini ana njaa ya dakika hiyo. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha, angalau lita moja na nusu kwa kila mtu, na dumu moja la kunawia chumvi.

Mabwawa yenye mitelezo je?

Kunduchi kuna Wet 'n' Wild, na Kigamboni kuna Fun City ambayo ina michezo ya maji na ya nchi kavu. Wapigieni kabla ya kwenda, kwa sababu shule huwa zinakodi siku nzima mwisho wa muhula. Mitelezo mirefu inamtaka mtoto wa kimo fulani, kwa hiyo mpimeni nyumbani msije mkabishana naye kwenye ngazi. Mabwawa mengi yanakataa fulana na kaptula za pamba; mfungashie nguo ya kuogelea. Fikeni mlango unapofunguliwa. Saa mbili za mwanzo foleni za mitelezo ni fupi na maji ni masafi zaidi.

Treni ya SGR (reli ya kisasa) inafaa kwa matembezi ya siku moja?

Inafaa sana. Ilianza kubeba abiria Dar–Morogoro Juni 2024, na treni za abiria zinafika kasi ya kilomita 160 kwa saa. Nauli ya daraja la kawaida hadi Morogoro ilipangwa Sh 13,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, wa chini ya miaka 4 bure. Mnafika ndani ya saa mbili, mnakula mchana mkiitazama milima ya Uluguru, mnarudi jioni.

Kosa la kawaida ni kununua tiketi ya kwenda tu. Wikendi treni za kurudi hujaa, mkabaki Morogoro na watoto waliosinzia. Nunueni zote mbili kwa pamoja, na fikeni stesheni saa moja au zaidi kabla, kwa kuwa mizigo inakaguliwa na milango hufungwa kabla ya treni kuondoka.

Na wanyama?

Kigamboni kuna bustani ya wanyama, Dar Zoo. Ni mbali na katikati ya mji, kwa hiyo ni siku nzima. Mikumi msijaribu kwenda na kurudi siku moja na watoto wadogo. Laleni huko au Morogoro. Kwa wanaopenda msitu kuliko vizimba, Pugu Kazimzumbwi ipo jirani na jiji, ina njia za kutembea na mapango yaliyochimbwa udongo mweupe, ambamo popo wanakaa. Nendeni kiangazi, na msiingie pangoni bila mwongozaji.

Tutembee na nini mjini: kigari cha mtoto, bajaji, bodaboda?

Kigari kiacheni. Njia za miguu zimekatwa na mitaro, meza za wachuuzi na magari yaliyoegeshwa. Kanga ni bora: inambeba mgongoni, inamfunika akinyonya, inatandikwa chini ya mti, na ni pazia la kubadilishia nguo ufukweni. Bajaji inatosha kwa safari fupi, watoto wakae katikati na wakubwa pembeni. Bodaboda na mtoto, hapana. Mshikaki, yaani kubebana abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki, ndiyo kabisa.

Watakula nini?

Coco Beach mihogo ya kukaanga ndiyo yenyewe, lakini mwambie muuzaji kabla hajaanza kukata: "Ya watoto usitie pilipili, kaka." Ikishanyunyiziwa haitoki. Achukue iliyotoka kwenye mafuta sasa hivi, si iliyopangwa. Kachumbari na barafu ya kwenye juisi ndivyo vinavyoumiza matumbo ya watoto mara nyingi. Wapeni dafu lililokatwa mbele yenu.

Mtoto akipotea kwenye umati?

Kabla hamjashuka garini, andika namba yako ya simu kwa kalamu kwenye mkono wake, ndani ya kigasha. Mpige picha siku hiyo hiyo, uwe na kumbukumbu ya nguo alizovaa. Mfundishe sentensi moja: asimame alipo, na asipokuona amwendee mama mwenye watoto au muuzaji wa kwenye banda. Ukimkosa, mmoja abaki mlipokuwa, wengine watafute, na waanzie upande wa maji. Polisi ni 112, na namba ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo.

Mvua ikinyesha?

Masika, Machi hadi Mei, panga kila siku iwe na mbadala. Sinema ya Mlimani City, au Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ikinyesha kubwa, bonde la Jangwani huweza kujaa maji na barabara kufungwa, kwa hiyo msivuke kwenda upande wa pili wa bonde mkitegemea kurudi usiku.

Twende mwezi gani?

Juni hadi Agosti hali ya hewa ni ya ubaridi kidogo, na likizo ya Juni inaangukia humo. Kuanzia mwisho wa Juni hadi karibu katikati ya Julai kuna maonesho ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa. Nendeni siku ya kazi asubuhi, wala si tarehe 7 yenyewe ukiwa na mtoto wa kubeba.

Tufungashe nini kwenye begi moja?

Kanga mbili, kofia ya kila mtoto, losheni ya kuzuia jua (kwa mtoto mwenye ualbino ongezeni nguo za mikono mirefu, na mtoke alfajiri au baada ya saa kumi), maji, chumvi-sukari ya kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha pakiti mbili, pampasi za ziada, dawa ya mbu kwa ajili ya magharibi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo nguo mbichi tieni kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko. Ndoo hiyo hiyo asubuhi ilikuwa ya kujengea mchanga.